Radoni ndani ya nyumba: mwongozo kamili wa kuipima na kuitoa, kwa wakaazi wa Nakuru na magharibi mwa Kenya

Mtu akinunua ploti Nakuru, swali la kwanza huwa kama ardhi itazama. Tunaijua ardhi yetu: majivu ya volkano, changarawe nyepesi, nyufa zinazofunguka mvua ikizidi, kama ule ufa ulioikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi Machi 2018. Swali la pili, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hewa gani inayotoka kwenye ardhi hiyo na kupanda hadi chumba wanamolala watoto.

Hewa hiyo hubeba radoni. Karibu kila mwamba na kila udongo una chembe kidogo za uraniamu. Uraniamu huchakaa polepole na kuzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni. Tofauti na wazazi wake, radoni ni gesi, kwa hiyo haikai ndani ya jiwe. Hutoka, hupita katikati ya chembe za udongo na kufuata nyufa hadi juu. Nje hupeperushwa ikaisha nguvu. Ikiingia ndani ya nyumba iliyofungwa, hujilimbikiza. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala haileti kikohozi cha leo au kesho.

Kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni iliyopo huwa imegeuka, na inachogeukia ni vitu vigumu, yaani poloniamu, risasi na bismathi, katika chembe ndogo mno zinazonata kwenye vumbi na moshi. Tunazivuta pamoja na hewa. Zikitua kwenye njia za mapafu hutoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haiwezi kupenya hata karatasi, lakini ndani ya pafu hakuna karatasi. Inagonga seli hai moja kwa moja, miaka nenda miaka rudi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiorodhesha radoni kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani linasema ndiyo sababu ya kwanza ya saratani ya mapafu kwa watu wasiovuta sigara, na kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu katika nchi hutokana nayo, kulingana na kiwango cha radoni na idadi ya wavutaji sigara wa nchi hiyo. Nchini Marekani pekee, shirika lao la kulinda mazingira hukadiria vifo 21,000 kila mwaka. Kwa mvuta sigara hatari ni kubwa mara 25 hivi kuliko kwa asiyevuta, kwa sababu mambo hayo mawili huongezana nguvu. Ukitaka kuchukua hatua moja tu leo kabla hujasoma zaidi, sigara isiwashwe ndani ya nyumba.

Hii si habari ya kukufanya uhame. Mwezi Desemba 1984, mhandisi mmoja wa Pennsylvania, Stanley Watras, aliwasha ving'ora vya mionzi alipokuwa akiingia kazini katika kituo cha nyuklia ambacho kilikuwa hakijaanza hata kuzalisha umeme. Mionzi hakuipata kazini. Aliibeba kutoka kwake: sebuleni kwake radoni ilikuwa karibu bekereli 100,000 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) katika kila mita ya ujazo ya hewa, mara elfu moja ya kiwango anachoshauriwa mtu leo. Nyumba ile ilirekebishwa, na yeye na jamaa yake wakarudi kuishi humo. Kama ile ilirekebika, yako pia itarekebika.

Nani aanze mapema

Nyumba mbili jirani, zilizojengwa na fundi mmoja, zinaweza kutofautiana sana. Ndiyo maana jibu la uhakika ni kupima tu. Lakini kuna mahali ambapo mimi ningepima kabla ya kwingine.

Kwanza ni nyumba zilizo juu ya udongo wenye nyufa na mianya. Nakuru imekaa ndani ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai. Wanaotafuta mvuke wa kuzalisha umeme hupima radoni kwenye udongo kwa makusudi, kwa sababu inapotoka kwa wingi ni dalili kwamba chini kuna njia iliyo wazi. Ishara ile ile inayomfurahisha mtafuta mvuke inapaswa kumwamsha mwenye nyumba. Ikiwa sakafu yako tayari imepasuka kwa sababu ardhi imeshuka, usingoje.

Pili, nyumba zilizo juu ya matale, yale mawe makubwa ya graniti. Ukipita Maragoli unayaona yamekaa mabegani mwa vilima, na ukienda Seme, nje ya Kisumu, unayakuta Kit Mikayi. Graniti kwa kawaida ina uraniamu zaidi ya mawe mengine mengi. Tatu, Homa Bay, hasa kuzunguka vilima vya Ruri, ambako miamba ina thoriamu kwa wingi na mionzi ya asili inajulikana kuwa juu. Thoriamu huzaa ndugu ya radoni anayeitwa thoroni, ambaye nusu yake huisha kwa chini ya dakika moja. Kwa maisha mafupi hivyo thoroni haitoki mbali. Mara nyingi hutoka kwenye ukuta wenyewe au sakafu ya udongo. Ukipima huko, omba kipimo kinachotenganisha hizo mbili.

Anayeishi ghorofa ya tatu kwenda juu hana sababu kubwa ya wasiwasi. Radoni hutoka ardhini, na kila ngazi unayopanda inaipunguza. Wa chini kabisa ndio wanaohusika: vyumba vya ploti, maduka, zahanati, madarasa ya chekechea, na nyumba za shamba. Na usidanganyike na lile wazo kwamba kwa kuwa gesi hii ni nzito, mtoto akilala kitanda cha juu ameokoka. Hewa ya chumba huchanganyika. Chumba kikiwa na radoni, kiko nayo chote.

Tafuta inakoingilia

Nyumba hufyonza hewa ya ardhini, na ukilielewa hilo kazi yote iliyobaki inakuwa nyepesi. Fikiria usiku wa Julai hapa Nakuru. Baridi imeshuka, madirisha yamefungwa tangu saa kumi na mbili, jiko limeivisha ugali na joto limejaa sebuleni. Hewa ya moto hupanda na kutoroka juu, kupitia matundu na chini ya mabati. Nafasi yake lazima ijazwe. Kama mlango na madirisha yamezibwa, inajazwa kutoka chini, kupitia ufa wa sakafu. Mvua ndefu nazo huongeza tatizo kwa namna yake: udongo wa nje ukilowa, mianya yake hujaa maji, na gesi iliyokuwa ikitokea uwanjani hujipitishia sehemu kavu iliyobaki, ambayo ni chini ya nyumba yako.

Kwa hiyo jioni moja ya baridi, ukiwa umefunga kila kitu, chukua kijiti cha udi. Kiwashe, upulize moto uzime kibaki kikifuka moshi, upige magoti nacho kando ya ukuta. Kisogeze taratibu pale sakafu inapokutana na ukuta, kwenye kila ufa, kuzunguka bomba la choo na la sinki, penye waya unaotoka sakafuni. Moshi wa udi hupanda wima kama uzi hewa ikitulia. Ukifika penye mwanya unaopumua, ule uzi unapinda ghafla na kusukumwa mbali na ufa. Weka alama kwa chaki. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwangu nilitazamia ufa ule mkubwa wa katikati ya sebule ndio utakaopumua. Haukupumua hata kidogo. Moshi ulipinda nyuma ya kabati, kwenye tundu la bomba la maji lililoachwa na fundi, linaloingia vidole vitatu.

Udi haupimi radoni. Unakuonyesha njia tu.

Kupima

Kuna vipimo vya aina tatu. Kimoja ni kikopo cha mkaa maalumu, kinachokaa siku 2 hadi 7 kisha kinapelekwa maabara. Kwetu sikipendekezi. Kwa kuwa nusu ya radoni huisha kila siku 3.8, kikopo kikichelewa njiani wiki mbili kimepoteza karibu ushahidi wote, na maabara nyingi za kazi hiyo ziko ng'ambo.

Cha pili ni kidude kidogo chenye kipande cha plastiki ndani. Kila chembe ya alfa inayogonga ile plastiki huiachia kovu. Baada ya miezi mitatu au zaidi hupelekwa maabara, makovu yanakuzwa kwa dawa na kuhesabiwa. Hakihitaji umeme, makovu hayafutiki hata barua ikichelewa, na kwa kuwa kinakaa muda mrefu kinakupa wastani wa kweli. Hiki ndicho ningechagua.

Cha tatu ni mashine ndogo ya elektroniki inayoonyesha namba kwenye kioo. Bei yake inauma mtu mmoja, lakini chama cha watu kumi na wawili kinaweza kununua moja na kuizungusha, kila nyumba mwezi mmoja. Saa za mwanzo usiziangalie, wala usiruke kwa sababu ya namba ya usiku mmoja, kwa maana radoni hupanda alfajiri na kushuka mchana, hupanda kwenye baridi na kushuka kwenye joto. Mwezi mzima ndio unaokupa picha ya kuanzia.

Kipimo kiwekwe chumba cha kulala cha chini kinachotumiwa zaidi, kwenye rafu au meza, kati ya nusu mita na mita mbili kutoka sakafuni, mita moja mbali na dirisha. Kisiwekwe jikoni wala bafuni, wala karibu na jiko, wala juani. Kikishawekwa kisihamishwe. Ishini mnavyoishi siku zote. Anayefungua madirisha yote kwa sababu kipimo kipo anajidanganya mwenyewe. Msimu mzuri wa kupima hapa kwetu ni Juni hadi Agosti, tunapojifungia ndani.

Ukitafuta msaada, anza na afisa wa afya ya umma wa kaunti yako, na idara za fizikia za vyuo vikuu vilivyo karibu, kama Egerton kule Njoro au Maseno. Mamlaka ya taifa ya kudhibiti mambo ya mionzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo KNRA. Piga simu, uliza, na uombe ripoti iliyoandikwa.

Matokeo yatakuja kwa bekereli kwa mita ya ujazo. Kama yamekuja kwa pikokuri kwa lita, zidisha kwa 37. Hewa ya nje huwa na bekereli 5 hadi 15. Shirika la Afya Duniani linashauri nyumba isizidi 100, na pale ambapo hali ya nchi hairuhusu, isizidi 300 kwa vyovyote. Kila bekereli 100 zinazoongezeka kwenye wastani wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 16 hivi. Kwa hiyo ukipata 70, ziba nyufa zako, ruhusu hewa, upime tena baada ya miaka miwili. Ukipata 180, fanya kazi ya hewa na ya nyufa mwezi huu, kisha upime tena. Ukipita 300, nenda moja kwa moja kwenye bomba la chini ya sakafu, na wakati unajipanga, madirisha yasifungwe yote.

Hewa kwanza

Nyumba zetu nyingi hujengwa na matundu ya hewa juu ya dirisha, na nyingi ya hizo matundu hayo yamezibwa. Nakuru yanazibwa kwa magazeti na matambara kwa sababu ya baridi. Kisumu na Busia yanazibwa kwa sababu ya mbu, na sababu hiyo ni ya haki kabisa, kwa maana malaria haisubiri miaka ishirini kama saratani. Dawa ni wavu wa waya wenye matundu madogo, uliokatwa vizuri na kupigiliwa kwa fremu ya mbao. Hewa inapita, mbu hapiti. Ondoa gazeti, weka wavu, jambo hilo limekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Lakini matundu ya juu peke yake hayatoshi, na wakati mwingine hudhuru. Yakitoa hewa ya moto juu bila kuwa na mahali pa kuingilia hewa safi chini, yanazidisha ule mfyonzo kutoka sakafuni. Kila tundu la juu lipewe mwenzake wa chini: dirisha lililoachwa wazi upana wa kiganja, au tundu lenye wavu na vyuma upande usiofikiwa na mwizi. Ndiyo sababu hiyo hiyo feni ya jikoni au bafuni inayosukuma hewa nje, ikiwaka madirisha yakiwa yamefungwa, huvuta radoni zaidi. Washa feni, fungua dirisha.

Anayepikia mkaa au kuni ndani anapata faida mara mbili, maana moshi na ile hewa ya sumu ya mkaa vinaondoka pamoja na radoni. Hata kama hujawahi kupima, hili lifanye.

Kuziba nyufa

Wengi huchanganya simiti kidogo na maji, wakapaka juu ya ufa, wakamaliza. Baada ya msimu mmoja ufa umerudi, kwa sababu sakafu inacheza na simiti haichezi. Fanya hivi. Panua ufa kwa tindo na nyundo mpaka uwe na umbo la V, kina cha kidole kimoja. Piga brashi ya waya, ondoa vumbi lote, ikauke. Kisha jaza kwa gundi inayonyumbulika ya kuzibia viungo, ile inayokuja kwa mrija na kusukumwa kwa bunduki yake. Mwambie wa hadwea unataka ya sakafu na kuta, isiyo ngumu ikikauka.

Anza na alama zako za chaki. Baada ya hapo zunguka chumba kizima pale ukuta unapokutana na sakafu, hata nyuma ya kabati na chini ya mbao za pembeni. Matundu makubwa ya mabomba yajazwe kwanza kwa povu au mchanganyiko wa simiti, gundi ije juu. Tundu la maji machafu sakafuni liwe na mtego wa maji, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia gesi, na lisiachwe likauke. Vigae havizibi chochote. Gesi hupita kwenye viungo vyake na kutokea ukingoni.

Sasa nikuambie ukweli ambao fundi anayetaka kazi huenda asikuambie: kuziba peke yake mara chache hutosha. Utaziba nyufa tisa, radoni itapita ya kumi usiyoiona. Faida yake kubwa ni kuliandalia kazi nzuri bomba ninaloeleza sasa.

Bomba la chini ya sakafu

Njia hii imethibitika kuliko zote. Badala ya kupigana na gesi ikishaingia, unaivuta ikiwa bado chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Ikifanywa vizuri inaweza kupunguza radoni kwa zaidi ya nusu, na mara nyingi kwa asilimia 80 hadi 99.

Chagua kona ambayo bomba halitasumbua, kama nyuma ya mlango au ndani ya stoo. Hakikisha hapapiti bomba la maji wala waya wa stima. Toboa sakafu tundu la inchi 5. Ingiza mkono na kijiko, uchote udongo na mawe yaliyo chini mpaka ujaze ndoo moja ya lita 20. Lile shimo tupu ndilo mahali ambapo gesi itakusanyika kutoka pande zote. Ukiliacha dogo, mfyonzo hautafika mbali.

Simamisha paipu ya plastiki ya inchi 4, ile nzito ya maji machafu, mdomo wake ukiishia chini kidogo tu ya zege, usiguse udongo. Ziba pembeni yake kwa gundi mpaka hata udi usipinde. Ipandishe wima, ipite dari na paa, itokeze angalau sentimita 30 juu ya mabati, mita 3 mbali na dirisha lolote, la kwako au la jirani. Pale inapopita mabati izibwe vizuri mvua isifuate. Sehemu yoyote inayolala iinamie kuelekea shimoni, ili maji yanayojikusanya ndani ya paipu yarudi ardhini badala ya kuziba njia.

Feni ni ile ya kuungwa katikati ya paipu, iliyozibwa isivuje, ya kuwaka saa ishirini na nne. Ikae juu ya dari au nje ya nyumba, kamwe isikae ndani ya chumba. Sababu ni hii: paipu iliyo chini ya feni inafyonza, lakini iliyo juu yake inasukuma. Feni ikikaa sebuleni na kiungo cha juu yake kikapata ufa, utakuwa umejinunulia mashine ya kumwaga radoni ndani. Feni ya wati 60 ikiwaka mwezi mzima hula uniti 43 hivi za stima. Si kidogo, na ndiyo sababu nasema upime kwanza ujue kama unaihitaji. Paipu bila feni nayo hufanya kazi, kwa nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa jua la mabati na upepo huvuta hewa juu. Weka paipu, pima, na ongeza feni kama namba haijashuka vya kutosha.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, toboa tundu dogo la msumari kwenye kona ya mbali kabisa na bomba, feni ikiwa inawaka. Washa udi wako. Moshi sasa unapaswa kupinda kuelekea chini, ukimezwa na sakafu. Ukimezwa, mfyonzo umefika. Usipomezwa, shimo lipanuliwe au bomba la pili liongezwe. Kisha ziba tundu. Siku hiyo hiyo washa jiko mnalotumia na uangalie kama moshi wake unarudi ndani. Ukirudi, feni inavuta hewa ya chumba kupitia nyufa ambazo hazijazibwa, na hilo ni jambo la kutatuliwa kabla mtu hajalala humo.

Andika kwenye paipu kwa rangi isiyofutika kwamba si ya maji. Fundi bomba wa miaka kumi ijayo hatajua.

Unayejenga sasa

Wewe ndiye ninayekuonea wivu zaidi, kwa sababu kazi yote hii kwako ni ya siku moja na ya vifaa vichache. Msingi wa kawaida hapa ni mawe makubwa yaliyopangwa na kushindiliwa, juu yake maramu au vumbi la kori, kisha dawa ya mchwa, polithini nzito ya geji 1000, nyavu za chuma, na zege. Yale mawe ya chini tayari yana mianya mizuri ya kupitisha gesi. Kinachokosekana ni njia ya kutokea. Kabla maramu haijamwagwa, laza paipu ya inchi 4 iliyotobolewa matundu katikati ya yale mawe, upande mmoja hadi mwingine, na uipandishe paipu nzima kutoka hapo hadi juu ya paa. Ukisahau ukaiweka juu ya maramu iliyoshindiliwa, hewa haitaifikia.

Halafu polithini. Vipande vipishane sentimita 30 na vibandikwe kwa utepe, vile vya pembeni vipandishwe hadi kwenye kuta na kukutana na kizuia unyevu. Penye bomba, ikatwe kwa mkato mdogo na ifungwe. Nilisimama kwenye mjengo mmoja Lanet asubuhi ya kumwaga zege. Polithini ilitandikwa vizuri ikang'aa. Saa mbili baadaye toroli zilikuwa zimeipitia mara hamsini, chuma kimeburutwa juu yake, na kila jiwe lenye ncha limeacha tundu. Nilipomwonyesha fundi akanijibu kwa upole, "Mama, hiyo ni ya unyevu tu." Tulisimamisha kazi nusu saa, tukabandika matundu thelathini na moja, tukaweka mbao za kupitishia toroli. Mwambie fundi wako sababu mapema, kabla simiti haijachanganywa, na uwepo mwenyewe siku hiyo.

Nyumba ya udongo, na nyumba ya kupanga

Sakafu ya udongo iliyokandikwa kwa samadi inapendeza na haina vumbi, lakini haizuii gesi. Nyumba ya zamani ya nyasi ilikuwa na pengo kati ya ukuta na paa, ikipumua usiku kucha. Tunapoezeka mabati tunaliziba pengo lile, na hapo ndipo tunapobadilisha hali ya hewa ya ndani. Liache, lifunikwe kwa wavu. Pesa zikipatikana, tandika polithini nzito na umwage zege juu yake, ukianza na chumba cha kulala.

Mpangaji naye hajafungwa mikono. Matundu, wavu, nyufa na kipimo viko ndani ya uwezo wake. Namba ikitoka juu, ipeleke kwa mwenye nyumba ikiwa kwenye karatasi, pamoja na majirani wa chini. Bomba moja mara nyingi linaweza kusaidia vyumba vinavyopakana.

Maji ya kisima

Maji yaliyochimbwa chini ya mwamba yanaweza kubeba radoni, ambayo huachiwa hewani unapooga au kufua. Maji ya ziwani, ya mtoni na ya mvua hayana shida hiyo. Kwa kawaida mchango wa maji ni mdogo: radoni iliyo majini huongeza hewani sehemu moja hivi tu kwa elfu kumi. Ukiwa na kisima cha kuchimbwa, yaachie maji yamwagike kutoka juu kuingia kwenye tangi lililo nje lenye tundu la hewa, na bafuni dirisha liwe wazi.

Ukishamaliza

Pima tena. Kipimo kile kile, chumba kile kile, rafu ile ile, na ikiwezekana msimu ule ule. Rekebisho ambalo halijapimwa ni matumaini tu. Kama una feni, funga mrija mwembamba wa plastiki wenye umbo la U na maji ya rangi ndani yake kwenye paipu, upande wa chini ya feni. Feni ikifanya kazi, maji yamesimama yakipishana kimo pande mbili. Yakilingana, feni imekufa au stima imepotea. Mfundishe kila mtu wa nyumbani kuutazama akipita, hata mtoto wa darasa la tatu. Stima ikipotea siku nzima, fungueni madirisha.

Rudia kipimo kila baada ya miaka miwili, na pia kila mnapopanua nyumba, kubadilisha sakafu, au ardhi inapotikisika na kuacha nyufa mpya. Kwangu tarehe na namba zimeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye paipu yenyewe, nyuma ya mlango wa stoo, moja chini ya nyingine.